Mjadala: Ibada ya Daijosai ya Mfalme wa Japani ilipiwe na mfuko upi?

Mleta mada

Usiku wa tarehe 14 Novemba 2019, Mfalme Naruhito aliingia kwenye kijumba cha magogo yasiyomenywa maganda, ndani ya bustani ya mashariki ya kasri la Tokyo. Alivaa hariri nyeupe tupu, na wahudumu wa karibu walikuwa wanawake wawili tu. Aliwapakulia miungu wali, samaki, matunda na pombe ya mchele, akasoma dua, kisha akala na kunywa yeye mwenyewe sehemu ya vyakula hivyo. Kijumba hicho cha kwanza huitwa Yuki. Baada ya saa sita usiku alirudia yote yale, hatua kwa hatua, kwenye kijumba cha pili kiitwacho Suki, akamaliza baada ya saa tisa alfajiri. Hiyo ndiyo Daijosai. Kila mfalme huifanya mara moja tu maishani, kwenye mavuno ya kwanza yanayofaa baada ya kushika kiti.

Gharama ilikuwa takriban yen bilioni 2.4, nazo zilitoka hazina ya serikali.

Ibara ya 20 ya Katiba ya Japani inaikataza dola kufanya shughuli ya dini. Serikali yenyewe ilikiri Desemba 1989 kwamba Daijosai ina sura ya dini, na ndiyo maana haikuifanya kuwa tendo rasmi la dola. Lakini papo hapo ikasema kwa kuwa kiti ni cha kurithiana, na ibada hii inakwenda na urithi huo, basi ina "sura ya umma", hivyo fedha za umma zitumike. Naona hapo pana ufa. Jambo likiwa la dini kiasi cha kutofaa kuwa tendo la dola, linalipwaje na dola?

Msimamo wangu ni ule alioutoa Mwanamfalme Akishino, ndugu yake Mfalme, kwenye siku yake ya kuzaliwa Novemba 2018: ilipiwe kutoka fedha binafsi za nyumba ya kifalme, kwa ukubwa unaolingana na mfuko huo. Karibuni.

Mwanasheria wa Mtaani

Ndugu mleta mada, umeanza vizuri ila tuweke sawa habari ya mifuko, maana hapo ndipo wengi hujikwaa.

Ibara ya 88 inasema mali yote ya nyumba ya kifalme ni ya dola, na matumizi yao yote yapitishwe na Bunge kwenye bajeti. Kwa hiyo hakuna yen hata moja isiyotokana na kodi. Sheria ya uchumi wa nyumba ya kifalme inazigawa fedha hizo mafungu matatu. Fungu la kwanza, *naiteihi*, ni la matumizi ya ndani ya Mfalme na familia yake ya karibu. Tangu 1996 limesimama kwenye yen milioni 324 kwa mwaka, na likishatolewa linakuwa fedha yao, si fedha ya umma tena. La pili, *kyuteihi*, linabaki kuwa fedha ya umma chini ya Wakala wa Nyumba ya Kifalme: ziara, dhifa za wageni, matengenezo ya kasri. La tatu, *kozokuhi*, ni posho za wanafamilia wengine, akiwemo huyo Akishino.

Makuhani wa madhabahu matatu yaliyo ndani ya kasri hulipwa kutoka fungu la kwanza. Wao si watumishi wa serikali, ni waajiriwa wa Mfalme. Ibada kama ishirini za kila mwaka, kuanzia ile ya alfajiri ya Januari mosi hadi Niinamesai, ibada ya mavuno ya kila Novemba 23, zote zinapita huko. Daijosai ndiyo iliyorukia fungu la pili. Basi swali lisiwe "kodi au si kodi". Swali ni kwa nini ibada dada zake ziwe za mfuko binafsi na hii moja tu iwe ya umma.

Fundi Makuti

Kabla hamjaendelea na ibara, tuangalie bilioni mbili zilikwenda wapi, kwa sababu nyingi zilikwenda kwenye mapaa na magogo.

Uwanja ulikuwa kama mita 90 kwa 90. Juu yake yalisimamishwa majengo kama 30: vijumba viwili vya ibada, jengo la Mfalme kuoga na kubadili nguo, ukumbi wa Malkia kusujudia, majiko, stoo za mchele, na vibanda vya wageni. Msingi ulianza kwa ibada ya kutuliza ardhi mwishoni mwa Julai, kazi ikaisha mwanzoni mwa Novemba. Ikatumika usiku mmoja. Wananchi wakaruhusiwa kuitazama kwa siku kumi na nane, wakaja kama laki saba na elfu themanini, kisha ikabomolewa. Hairuhusiwi kubaki. Ndiyo desturi.

Mwaka 1990, zamu ya Akihito, baba yake Naruhito, majengo yalikuwa 39, na vijumba vikuu vikaezekwa nyasi. Mwaka 2019 serikali iliondoa nyasi ikaweka mbao nyembamba, na majiko na stoo yakawa ya fremu za chuma zinazoungwa haraka. Sababu ni kwamba nyasi ndefu za kuezekea zimeadimika Japani na mafundi wake wamebaki wachache wazee. Kuezeka kwa nyasi si kurundika tu. Majani yanavunwa msimu wa baridi yakiwa makavu, yanafungwa matita ya unene mmoja, yanapangwa kwa mteremko mkali ili maji yateleze. Ukiyaweka mabichi au mteremko ukiwa mlalo, paa linavuja na kuoza. Sasa kuajiri mafundi hao adimu kwa jengo la usiku mmoja ni kuwatoa kwenye mahekalu na nyumba za kale zinazowasubiri.

Wapo wabunge na wanazuoni waliolalamika sana kwamba nyasi zimeondolewa. Nawaelewa, nyasi ni roho ya jengo lile. Lakini kanuni za kale za karne ya kumi zinasema vijumba vianze kujengwa siku saba kabla ya ibada na vikamilike ndani ya siku tano. Siku tano! Unajenga nini siku tano kwa mikono? Kibanda cha magogo na nyasi, basi. Ukubwa tunaouona leo, wenye mabanda ya mamia ya wageni, umetoka kwenye amri ya 1909, ya enzi za dola ya Meiji, ikatumika Kyoto mwaka 1915 na 1928. Ukisema "tunalinda desturi", taja ni desturi ya lini.

Bint Pwani

Mnaihesabu kama harusi ya kifahari. Ngojeni niwaonyeshe ni nani hasa anashiriki, halafu mniambie kama ni jambo la mtu mmoja na mfuko wake.

Mchele hautoki shamba lolote tu. Tarehe 13 Mei 2019 ilipigwa ramli ya gamba la kasa ndani ya kasri. Gamba ni la kasa wa kijani kutoka visiwa vya Ogasawara, likachongwa hadi kuwa kibao cha kama sentimita 24 kwa 15, unene wa milimita moja na nusu hivi. Linapashwa moto wa kuni za mcheri wa mwituni mpaka lipasuke, na mipasuko inasomwa. Kibao kikiwa kinene hakipasuki, kikiwa chembamba mno kinaungua. Ramli iliitoa Tochigi kwa upande wa mashariki na Kyoto kwa magharibi. Septemba wakulima wa sehemu hizo mbili walivuna mbele ya makuhani, kila upande ukatoa kilo 180 za mchele uliokobolewa na kilo 7.5 za usiokobolewa.

Kitambaa cha hariri kilitoka Aichi. Kitambaa kigumu kilitoka Tokushima, cha nyuzi za mmea ule ule wa bangi, aina isiyolevya, na kuulima kunahitaji kibali cha mkoa na ulinzi wa shamba. Mikoa yote 47 ilipeleka mazao: uyoga, machungwa, samaki wakavu, mwani. Hakuna mkoa uliokosa.

Hiyo ndiyo sura ya umma. Nchi nzima inaweka chakula kwenye meza moja, na mtu ambaye Ibara ya 1 inamwita alama ya umoja wa watu anakipeleka mbele za miungu kuombea mavuno na amani. Ukiirudisha kwenye mfuko wa ndani, Tochigi na Tokushima wanageuka wauzaji wa mchele na kitambaa kwa familia moja.

Mleta mada

Dada Bint Pwani, maelezo yako ya ramli ni mazuri na sina la kupunguza. Ila nadhani yanajibu swali jingine. Ushiriki wa watu na malipo ya dola ni vitu viwili. Wakulima wa Tokushima wangeweza kutoa kitambaa hata kama ukumbi ungelipiwa na Mfalme.

Na tukumbuke historia. Baada ya Mfalme Go-Tsuchimikado kuifanya mwaka 1466, vita viliharibu Kyoto na nyumba ya kifalme ikafilisika. Daijosai haikufanyika kwa miaka 221. Wafalme tisa walifuatana bila hiyo ibada, mpaka Higashiyama alipoirudisha mwaka 1687. Mrithi wake hakuifanya, ikarudi kwa kudumu mwaka 1738. Go-Kashiwabara alikosa fedha hata ya sherehe ya kutawazwa, akasubiri miaka 21. Hakuna aliyesema hao tisa hawakuwa wafalme. Kwa hiyo kudai kwamba urithi wa kiti haukamiliki bila Daijosai ya bilioni mbili kunakanushwa na nyumba ya kifalme yenyewe.

Sheria ya sasa ya nyumba ya kifalme ya 1947 nayo iko kimya. Kifungu cha 24 kinataka sherehe ya kutawazwa tu. Ile ya zamani ya 1889 ndiyo iliyotaja Daijosai kwa jina. Walioandika sheria mpya waliliondoa neno hilo.

Mwanasheria wa Mtaani

Hoja ya kifungu cha 24 ni nzito, nakuunga mkono. Niongeze la mahakama, maana naona wengi wanasema "mahakama ilishaamua ni halali".

Haijaamua. Japani raia anaweza kushtaki matumizi ya mkoa au mji wake, kwa kuwa sheria ya serikali za mitaa inampa nafasi hiyo. Hakuna sheria inayompa nafasi hiyo kwa matumizi ya serikali kuu. Ndiyo maana kesi zilizofika Mahakama ya Juu Julai 2002 zilihusu magavana waliohudhuria Daijosai ya 1990 na ibada za mavuno yake, na nauli zao. Mahakama ikasema kuhudhuria ni adabu ya kijamii, halali. Kuhusu bilioni zenyewe haikuulizwa.

Waliojaribu kuuliza walidai fidia kwa maumivu ya nafsi. Mahakama Kuu ya Osaka, Machi 1995, iliwanyima fidia, lakini ikaandika kwamba shaka ya kukiuka mtengano wa dini na dola haiwezi kufutwa moja kwa moja. Walioshindwa hawakukata rufaa, kwa kuwa maneno hayo yaliwafaa kuliko fidia. Desemba 2018 wengine zaidi ya mia mbili walifungua kesi Tokyo juu ya sherehe za 2019.

Linganisheni na viwango vingine. Mwaka 1977 Mahakama ya Juu ilikubali mji wa Tsu kulipa yen 7,663 kwa ibada ya kuanza ujenzi wa ukumbi wa michezo. Mwaka 1997 ikakataa mkoa wa Ehime kutoa yen 166,000 kwa madhabahu ya waliokufa vitani. Mwaka 2021 ikakataa mji wa Naha kulisamehe hekalu la Konfusio ada ya kutumia ardhi ya bustani ya mji. Mkondo unazidi kubana, na fedha zenyewe ni vijisenti ukiziweka karibu na bilioni 2.4.

Msomaji wa Kumbukumbu

Jambo moja halijatajwa: katikati ya kila kijumba kuna kitanda. Kina mto, shuka na viatu, na Mfalme hakilalii.

Mwaka 1928 mwanazuoni Orikuchi Shinobu alitoa nadharia kwamba Mfalme hujifunika humo na kupokea roho ya mababu. Ilienea sana, na mwaka 1990 ikawatia hofu wengi: je, dola inalipia mtu ageuke mungu? Wakala wa Nyumba ya Kifalme ulikanusha, na watafiti wa baadaye wakaonyesha kwamba maandiko ya kale hayaelezi tendo lolote kitandani. Kimewekwa kwa ajili ya mungu mgeni, naye Mfalme hukaa kando na kupakua chakula. Naomba mjadala usirudi kwenye nadharia ile. Kula na miungu peke yake kunatosha kuifanya ibada.

Fundi Makuti

Nadhani wengi hamjui kwamba jengo la kufanyia hili lipo tayari. Kando ya madhabahu matatu ya kasri kuna ukumbi uitwao Shinkaden. Kila Novemba 23 Mfalme hufanya Niinamesai humo: kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, halafu tena saa tano usiku hadi saa saba. Anapakua wali mpya na pombe, anasoma dua, anakula. Ni mwendo ule ule wa Daijosai, ila mara zote mbili ziko ndani ya ukumbi mmoja. Magazeti yaliripoti kwamba Akishino alipendekeza huo. Na mwaka wa Daijosai Niinamesai haifanyiki, kwa hiyo Shinkaden inakaa bila kazi usiku ule.

Ugumu upo, nisiufiche. Ukumbi ni mmoja, na Daijosai inataka Yuki na Suki mbalimbali. Mngehitaji kuondoa vyombo vyote vya awamu ya kwanza na kutandika upya kwa saa tatu hivi, lakini Niinamesai inafanya hivyo kila mwaka. Mfalme pia hutembea juu ya mkeka unaotandazwa mbele yake na kukunjwa nyuma yake, huku akishikiwa mwavuli wa majani wenye ndege wa dhahabu juu. Njia ya Shinkaden ingebidi ipimwe. Na nafasi ya wageni ni ndogo. Mwaka 2019 walihudhuria 510, mwaka 1990 zaidi ya 700, wamekaa nje kwenye baridi bila kuona kinachofanyika ndani. Ukiwaondoa hao, umeondoa mabanda, vyoo, taa na ulinzi, ambavyo ni sehemu kubwa ya hesabu. Zabuni ya ujenzi peke yake ilikuwa yen milioni 957.

Bint Pwani

Sawa, nimeisikia Shinkaden. Lakini nawauliza ninyi mnaotaka mfuko wa ndani: mmefikiria mnachopoteza?

Tunaijua milioni 957 kwa nini? Kwa sababu ilikuwa fedha ya umma. Zabuni ilitangazwa, bei ikachapishwa, wakaguzi wa hesabu wana haki ya kuingia, wabunge wanauliza, na ukumbi ukafunguliwa kwa watu laki saba na zaidi. Fungu la ndani likishatoka hazina, halikaguliwi. Ni mkoba wa Mfalme. Mkiipeleka Daijosai huko, hakuna atakayejua ramli imegharimu kiasi gani wala mafundi wamelipwaje. Dini ya dola mnayoihofia itakuwa imepata chumba chenye pazia.

Na pia mtu mwenye kufanya ibada hii hana uhuru wenu. Hapigi kura, hachagui kazi, na kwa Ibara ya 8 nyumba yake haiwezi hata kupokea mali bila idhini ya Bunge. Mnamfunga mikono yote halafu mnamwambia ajilipie wajibu ambao amerithi. Mimi naona si haki.

Mleta mada

Hoja ya ukaguzi imenigusa, na nakiri sikuwa nimeipa uzito. Naibadilisha kauli yangu kidogo: fungu la ndani, pamoja na taarifa ya matumizi kutolewa kwa hiari kwa ibada hii pekee. Hakuna sheria inayowazuia kuitoa.

Kuhusu haki, tuliache neno la Akishino mwenyewe litue. Alisema ibada ilingane na kimo cha mwili, yaani jikune unapofikia. Aliyasema hayo akijua fungu lenyewe ni milioni 324, linalowalisha na kuwahudumia watu watano: Mfalme, Malkia, binti yao, na wazazi waliostaafu. Anajua haliwezi kubeba majengo 30. Alichotaka ni ibada ndogo. Akaongeza hadharani kwamba mkuu wa Wakala hakumsikiliza. Kwa mwanafamilia wa kifalme kusema hivyo mbele ya waandishi ni jambo zito mno, na wahafidhina waliojibu kwamba asiingilie siasa hawakujibu hoja yake.

Mwanasheria wa Mtaani

Na huyo Akishino ndiye wa kwanza kwenye mstari wa urithi sasa. Amezaliwa 1965, kaka yake 1960. Zamu ijayo huenda ikawa yake au ya mwanawe Hisahito, aliyefanyiwa sherehe ya utu uzima Septemba 2025. Hivyo muda wa kuamua ni sasa, watu wakiwa watulivu.

Tazameni kalenda. Kanuni ya kale inasema mfalme akishika kiti kabla ya mwezi wa nane, Daijosai ni mwaka ule ule. Akishika baadaye, ni mwaka unaofuata. Akihito alishika Januari 1989 baada ya kifo cha baba yake, lakini msiba wa mwaka mzima ukaisogeza hadi Novemba 1990. Serikali ilikuwa na miezi ishirini na mbili ya kufikiri. Mwaka 2019 hapakuwa na msiba, maana Akihito alistaafu akiwa hai. Kutoka Mei mosi hadi Novemba 14 ni miezi sita na nusu tu, na baraza la mawaziri lilikuwa limeshaamua tangu Aprili 2018 kufuata mfano wa 1990. Ikitokea tena kustaafu, itakuwa hivyo hivyo.

Kinachoshikilia fungu la pili si sheria. Ni kauli ya serikali ya Desemba 1989, inayoweza kubadilishwa na kikao kimoja cha mawaziri bila Bunge kugusa neno. Lakini kikao hicho lazima kiwe kabla ya ramli. Gamba likishapasuka na mashamba mawili yakatajwa, wakulima wanaanza kulinda mpunga, zabuni zinaandikwa, na hakuna waziri atakayesimama kusema turudi nyuma.

Bint Pwani

Hapo kwenye kalenda hatuna ugomvi. Ila kwenye kikao hicho, mimi nitamtetea gavana wa Tochigi akae mahali anapoweza kuuona mchele wa wakulima wake ukipita. Mabanda ya mia tano siyatetei. Hamsini yanatosha.

Fundi Makuti

Hamsini wanaenea Shinkaden. Nyasi za kuezeka zibaki kwa mahekalu.